Maji Yanayokuja Babati: Kwa Nini Modeli ya Mto Ni Shauri la Zahanati

Mtumishi wa afya aliyekaa Babati misimu michache huzijua mvua kwa daftari la wagonjwa kuliko kwa kalenda. Vuli ikishika, safu ya magonjwa ya kuhara huanza kujaa. Wiki chache baadaye, madimbwi yakishatulia, malaria hufuata. Kisha hufika yule mama aliyeshikwa na uchungu usiku, akasubiri kijito kipungue hadi alfajiri, na akatufikia akiwa amechoka kupita kiasi. Kila jambo tunaliandika mahali pake: kuhara kwa kuhara, homa kwa homa, uzazi kwa uzazi. Kitu kimoja kinachoyaunganisha yote matatu hakina safu katika daftari letu, nacho ni maji yaliyopita mtoni.

Maoni yangu ni kwamba makisio ya mtiririko wa mito, yale yanayofanywa siku hizi kwa modeli za kompyuta, yanastahili kusomwa katika vituo vya afya kama tunavyosoma majibu ya maabara, yaani kwa kuyathamini na kwa kujua mipaka yake. Naongeza jambo ambalo huenda likawaudhi wapenzi wa teknolojia: katika mabonde madogo kama yetu, kompyuta siyo inayopungua. Kinachopungua ni nguzo ya kupimia kina cha maji iliyosimikwa mtoni, pamoja na mtu wa kuisoma kila siku.

Tuanze na mahali penyewe. Mji wa Babati umekaa ukingoni mwa ziwa lenye jina hilohilo, huku Mlima Kwaraa ukiutazama kutoka upande wa mashariki. Maji yetu hayafiki baharini. Babati imo katika Bonde la Kati, mojawapo ya mabonde tisa ya maji ambayo Tanzania imegawanywa, na bodi ya bonde hilo ina makao yake Singida. Maji yaliyoingia katika bonde la namna hiyo hutoka kwa njia mbili tu: hupanda juu yakiwa mvuke, au huzama chini ya ardhi. Mvua ikizidi uwezo wa njia hizo mbili, ziwa hupanda. Mwaka 1990, Babati ikiwa bado ni wilaya ya Mkoa wa Arusha, ziwa lilipanda hadi likafurika na kuingia mjini. Wazee wetu hawahitaji kusomewa kitabu ili kuyakumbuka hayo. Lakini zaidi ya nusu ya wanaokuja kliniki leo hawakuwa wamezaliwa, na wengi wamejenga pasipokuwa na mtu wa kuwaonyesha maji yalifika wapi.

Modeli ya haidrolojia ni nini basi? Mwenye duka anayeandika mapato na matumizi ameshaielewa nusu yake. Mapato ni mvua. Matumizi ni maji yanayonyonywa na mimea, yanayopaa kwa jua, yanayozama ardhini, na yanayobaki juu ya uso wa nchi yakatiririka hadi kijitoni. Kompyuta huligawa bonde lote katika vipande vidogo, kila kipande kikiwa na mteremko wake, udongo wake na mazao au malisho yake, kisha huandika hesabu ya kila kipande siku baada ya siku na kuyajumlisha maji yanayofika mtoni. Modeli za kwanza kamili za aina hii zilitengenezwa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, katika miaka ya 1960. Leo mojawapo inayotumika sana, hata katika mabonde ya Pangani, Mara na Simiyu hapa nchini, ni ile iitwayo SWAT, iliyobuniwa na wataalamu wa wizara ya kilimo ya Marekani na vyuo vinavyoshirikiana nayo. Inatolewa bure. Sura ya nchi, yaani vilima na mabonde, hupatikana pia bure kutokana na vipimo vya rada vilivyochukuliwa na chombo cha angani mnamo Februari 2000. Mvua nayo hukisiwa kwa setilaiti. Ndiyo maana nasema kompyuta siyo inayopungua.

Ili msomaji asidhani kuwa hayo ni mambo ya mbali, tufanye hesabu moja. Tuseme mvua ya milimita 50 imeanguka kwa siku moja juu ya bonde la kilomita za mraba 100. Hizo ni mita za ujazo milioni 5 za maji. Swali ni kiasi gani kitakimbilia mtoni. Kanuni inayotumiwa na modeli nyingi, iliyotokana na majaribio ya mashamba huko Marekani katikati ya karne iliyopita, hulipa kila eneo namba kati ya 0 na 100 kwa kadiri udongo na uoto wake unavyoyaacha maji yapite juu. Ardhi yenye nyasi na miti ya kutosha tuipe 70. Kwa mvua hiyo ya milimita 50, takriban milimita 6 tu ndizo zitakazotiririka. Ardhi hiyohiyo ikikanyagwa na mifugo hadi ikawa ngumu na tupu, tuipe 85. Sasa zitatiririka karibu milimita 20. Mvua ni ileile, wingu ni lilelile, lakini mto umebeba maji mara tatu na zaidi: kutoka mita za ujazo 600,000 hivi hadi karibu milioni 2. Na maji hayo ya ziada hayaji matupu. Hubeba udongo, hubeba samadi ya mazizi, hubeba kilichokuwa kwenye vyoo vifupi vya kando ya mkondo, na huvitia vyote katika kisima cha wazi ambacho mtoto atachotewa maji kesho.

Majirani zetu wa Kondoa wanayajua haya bila namba. Mradi wa HADO ulianza mwaka 1973 kwa sababu ardhi yao ilikuwa imekatwa makorongo, na mwaka 1979 mifugo iliondolewa katika eneo lililoharibika zaidi. Uamuzi huo uliwaumiza wafugaji, na sitaki kuupamba. Naukumbusha kwa sababu unaonyesha kwamba hali ya malisho ya mlimani na hali ya tumbo la mtoto wa bondeni ni habari moja inayosimuliwa na wizara mbili.

Sasa nije kwenye mipaka, kwa kuwa hapo ndipo sisi wa afya tunaweza kuwasaidia wahandisi, nao watusaidie.

Hakuna daktari anayekubali kipimo kipya cha malaria kwa sababu tu kimefungwa katika kisanduku kizuri. Huuliza: katika wagonjwa 100 wenye vimelea, kinawakamata wangapi? Katika wasio navyo, kinawasingizia wangapi? Modeli ya mto huulizwa maswali hayohayo. Mtaalamu huchukua miaka kadhaa ya vipimo halisi vya mto, huirekebisha modeli hadi ifanane navyo, kisha huijaribu kwa miaka mingine ambayo modeli haijaiona. Kuna alama inayotumika tangu mwaka 1970, iliyoletwa na Nash na Sutcliffe, ambayo hufikia 1 modeli ikilingana kabisa na mto, na hushuka hadi 0 au chini yake ikiwa modeli haikufanya vizuri kuliko kukisia wastani tu. Anayekuletea ramani ya mafuriko yenye rangi nyekundu na buluu mwulize alama hiyo ilikuwa ngapi, na ilipatikana kwa vipimo vya mto gani. Akijibu kuwa mto wako haukuwahi kupimwa, bali amekopa tabia za mto mwingine, usimfukuze. Kazi hiyo ni halali, na shirikisho la kimataifa la wanahaidrolojia liliitengea muongo mzima, 2003 hadi 2012. Lakini jua kwamba umepewa matokeo ya maabara ya ndugu wa mgonjwa, siyo ya mgonjwa mwenyewe.

Nilipata kuwapeleka wanafunzi katika kituo kimoja, ambacho sitakitaja, kilichokuwa na kipimamvua uani. Mmoja akauliza mvua ya jana ilikuwa kiasi gani. Muuguzi akacheka kwa aibu: chupa ya ndani ilishatolewa zamani, na sasa ilikuwa kwenye karo la kunawia mikono, imejaa sabuni ya maji. Nilicheka nami, kwa kuwa sabuni ile ilikuwa ikifanya kazi njema. Lakini kila siku ambayo chupa ile haikusomwa ni siku iliyopotea katika modeli ya bonde lile, na hakuna setilaiti itakayorudi nyuma kuipima ilivyopimwa pale uani.

Mpaka mwingine ni mzito zaidi, na sisi wa Manyara hatuna budi kuutaja kwa sauti ya chini. Tarehe 3 Desemba 2023, tope, mawe na miti vilishuka kutoka Mlima Hanang vikaufunika mji mdogo wa Katesh na vijiji vya jirani. Zaidi ya watu 80 walifariki. Baadaye wataalamu wa jiolojia wa serikali walieleza kuwa sehemu ya mlima yenye miamba dhaifu ilinyonya maji ya mvua hadi ikameguka. Tangu siku ile nimewasikia watu wakisema kwamba kungekuwa na modeli ya mto, vifo vile vingeepukika. Sikubali. Modeli ya mtiririko huhesabu maji. Haihesabu mlima unaovunjika. Kuporomoka kwa mteremko ni elimu nyingine, yenye vipimo vyake vya udongo na vya mwendo wa ardhi. Ambacho kingeweza kusaidia pande zote mbili ni kitu duni: vipimamvua juu ya mteremko, vinavyopiga simu mvua ikipita kiwango fulani. Kuwaahidi wafiwa zaidi ya hapo ni kuwakosea mara ya pili.

Je, makisio ya mapema yamewahi kuusaidia ulimwengu wa afya katika nchi zetu? Mfano ninaoujua vizuri ni wa homa ya Bonde la Ufa, ugonjwa uliotambuliwa kwa mara ya kwanza karibu na Naivasha, Kenya, na kuelezwa mwaka 1931. Mbu wanaoueneza hutaga mayai katika udongo wa mabonde yanayotuamisha maji, na mayai hayo hukaa yakiwa makavu kwa miaka, yakingoja mafuriko. Mwishoni mwa mwaka 2006 wanasayansi wa NASA na wenzao, kwa kuitazama bahari, mvua na ukijani wa nchi kutoka angani, walitoa onyo wiki 2 hadi 6 kabla ya ugonjwa kutambuliwa katika Pembe ya Afrika. Onyo lilikuwa sahihi. Hata hivyo ugonjwa ulienea Kenya, na mwanzoni mwa mwaka 2007 ukaingia Tanzania, Manyara ikiwa miongoni mwa mikoa iliyoguswa. Nchini mwetu walifariki watu 144 miongoni mwa 511 walioshukiwa kuugua. Kati ya onyo na sindano ya chanjo kwa ng’ombe kulikuwa na mashauriano, bajeti, barua na barabara, na vyote hivyo ni vizito kuliko setilaiti.

Naona funzo la mwaka 2007 mara nyingi hufundishwa kinyume. Husemwa kwamba tunahitaji onyo la mapema zaidi. Mimi nasema tulihitaji kuwa tumekwisha kukubaliana, kabla ya onyo lolote, nani atafanya nini siku litakapofika.

Na hapa ndipo penye suala la kengele za uongo. Tuseme katika wiki 100 za mvua, 5 zina mafuriko ya kweli. Tuseme modeli yetu ni nzuri: inakamata 4 kati ya hizo 5, na katika wiki 95 zilizo salama inapiga kengele bure mara 10 tu. Jumla ya kengele ni 14, na za kweli ni 4. Kwa hiyo kengele zaidi ya mbili katika kila tatu zitakuwa za uongo, ingawa modeli si mbovu. Ni hesabu ileile tunayowafundisha wanafunzi kuhusu kupima ugonjwa adimu. Kama kila kengele itamaanisha kufunga mnada, kuhamisha familia na kulaza wajawazito, baada ya kengele ya tatu hakuna atakayetusikia, na ya nne ndiyo itakayotuua.

Kwa hiyo hatua za kwanza ziwe zile ambazo hata kengele ikiwa ya uongo hakuna aliyepoteza kitu. Kuhesabu pakiti za ORS na zinki na kuagiza zilizopungua. Kugawa vidonge vya kutakasia maji kwa kaya za kando ya mkondo. Kujaza mafuta gari la wagonjwa na kulilaza upande wa mto wenye watu wengi. Kupandisha majokofu ya chanjo na makabrasha juu ya matofali. Kumpigia simu mama ambaye siku zake zimekaribia na ambaye nyumba yake iko ng’ambo, ili aje kukaa nyumba ya mama ngojea au kwa jamaa aliye karibu na kituo. Mambo haya yangefaa kufanywa hata bila kompyuta. Modeli inatupa sababu ya kuyafanya Jumatatu badala ya Ijumaa.

Kwako msomaji unayetumia dawa kila siku, iwe ni za kifua kikuu, za kupunguza makali ya VVU, za kisukari au za presha: waulize wahudumu wako kabla ya masika kama unaweza kupewa dawa za kukutosha hadi njia ipitike. Wagonjwa walio imara mara nyingi huweza kupewa za miezi kadhaa. Anayetumia insulini na hana jokofu anaweza kuihifadhi katika chungu cha udongo chenye unyevu, kivulini. Waombe wauguzi wakuonyeshe namna. Na maji ya kijito yakiwa yanakwenda kasi, usiyapime kwa miguu yako. Maji ya kina cha sentimita 15 tu yanaweza kumwangusha mtu mzima. Baada ya mafuriko, homa kali yenye maumivu ya misuli isihesabiwe kuwa malaria bila kupimwa, hasa kama uliingia katika maji yaliyopitiwa na wanyama. Homa ya mgunda, iliyothibitishwa Lindi mwaka 2022, huingia mwilini kwa njia hiyo, na huanza kwa kufanana sana na malaria.

Nisisahau kiangazi, ingawa nitakipitia kwa haraka. Modeli zilezile hukisia pia mto utakapokauka, na katika ukanda wetu wa Bonde la Ufa jambo hilo lina uzito wake. Vijito vikikata, watu hurudi kwenye visima, na baadhi ya visima vya kaskazini mwa nchi vina madini ya floraidi kupita miligramu 1.5 kwa lita, kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani linashauri kisivukwe. Meno ya kahawia ya watoto wetu ni kumbukumbu ya maji waliyokunywa wakati meno hayo yakiota. Daktari wa meno naye ana haki ya kuuliza mto utakatika mwezi gani.

Pendekezo langu ni dogo. Kila kituo cha afya kilicho karibu na mto au ziwa kiwe na kipimamvua kinachofanya kazi na nguzo iliyochorwa sentimita, iliyosimikwa pale ambapo wataalamu wa bodi ya bonde wataelekeza. Mvua isomwe saa 3 asubuhi, kama zinavyosomwa nyingine zote nchini. Kina cha maji kisomwe asubuhi na jioni. Namba hizo mbili ziandikwe ubaoni, karibu na orodha ya zamu, na zitumwe kwa simu kwa bodi ya bonde na kwa Mamlaka ya Hali ya Hewa. Kwa upande wao, wenye modeli waturudishie makisio kwa Kiswahili, katika sentensi moja, yakiwa na kiwango cha uhakika: si mita za ujazo kwa sekunde, bali kama kivuko fulani kitapitika kesho kutwa au hakitapitika. Baada ya misimu miwili au mitatu tutakuwa na safu tuliyoikosa, na tutaweza kuiweka kando ya safu ya kuhara na ya malaria tuone wiki ngapi hupita kati ya maji na mgonjwa hapa Babati, badala ya kukopa jibu kutoka kitabu kilichoandikwa kwa ajili ya nchi nyingine.

Linabaki swali la nani asome. Wengine watasema aongezewe muuguzi. Napinga; muuguzi wa zahanati ameshabeba ya kutosha, na chupa iliyoishia kuwa ya sabuni ilitueleza hivyo kwa adabu. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii anayeishi kando ya mkondo anafaa zaidi, kwa sharti kwamba alipwe. Dakika kumi asubuhi na tano jioni, siku 365, Jumapili na sikukuu zikiwemo, ni kazi, na hufanywa hata mvua ikinyesha, kwa maana hapo ndipo namba inapohitajika zaidi. Katika bajeti nilizowahi kuziona za miradi ya namna hii, fungu la kompyuta huwa na mstari wake, la warsha huwa na mistari mitatu, na la msomaji wa kipimo huandikwa “kujitolea”. Mstari huo ndio ningependa ubadilishwe kwanza.